Damu ya saa nne usiku

Yule bibi alikaa mwisho kabisa wa benchi, kanga kajifunika mpaka puani, na kila nikiita namba inayofuata anasogea pembeni ampishe mwenzie. Ilikua saa nne na nusu usiku, darasa la shule ya msingi upande wa Pangani huko, mwanga wenyewe taa mbili za sola tulizobeba kwenye gari, mbu ndio usiseme. Wakabaki watu watatu, kisha wawili, kisha yeye peke yake hana tena wa kumpisha, akaja mpaka mezani lakini hakukaa, akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nambie ukweli wa Mungu. Damu gani hiyo isochukulika mchana?"

Kwa mtu wa pwani swali hilo lina jina, nalo ni mumiani. Kama umekulia Tanga unalijua, yule anaezunguka usiku akamate watu awatoe damu ikatengenezewe dawa, na bibi yangu mimi wa Ngamiani alikua anatutishia nae kila tukichelewa kurudi kuogelea Raskazone. Sasa we fikiria, miaka ishirini na ushee baadae mi ndio nimevaa koti jeupe, nimekuja na gari gizani, nina vichupa na visindano, natafuta damu za watu, alafu nashangaa kwanini wanaogopa. Ungeniambia nikuchoree mumiani nisingeweza kumchora akafanana kuliko nilivyokua mimi usiku ule.

Nikamwambia akae kwanza, nikamueleza hivi ninavyowaeleza nyinyi. Minyoo ya matende na mabusha, jina lake la vitabuni Wuchereria bancrofti, ile mikubwa inakaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kwenye damu, na haitoki humo, kazi yake ni kuzaa. Watoto wake ndio wanaotembea kwenye damu, tunawaita maikrofilaria, ni vijinyoo vya kama robo ya milimita, na huku kwetu vinatembea kwa ratiba. Mchana vimejificha kwenye mishipa midogo ya mapafu, usiku kuanzia saa nne mpaka saa nane hivi vinatoka vinajaa kwenye damu ya ngozini na kidoleni, wakati ule ule mbu wetu wanapokuja kula, na mbu ndio wanaowahamishia kwa mtu mwingine. Tanga tunasemwa waja leo waondoka leo, basi hawa wao waja usiku waondoka usiku. Ukimtoboa mtu kidole saa nne asubuhi anaweza akawa na maelfu ya hao wadudu na kwenye karatasi akatoka msafi kabisa, na hapo dawa hujakosea, slaidi hujakosea, umekosea saa tu.

Hii kitu aliigundua daktari mmoja wa Kiskoti, Patrick Manson, akiwa Amoy huko Uchina miaka ya 1870, baada ya damu za wagonjwa kuangaliwa mchana na usiku na kulinganishwa. Lakini ninayoipenda mimi ni ya London 1881, daktari Stephen Mackenzie alimgeuzia mgonjwa wake usingizi, mchana alale usiku akeshe, na baada ya siku kadhaa wadudu nao wakageuza ratiba, wakaanza kutoka mchana. Kwahiyo mlinzi wa getini anaelala mchana mwaka mzima, damu yake ya saa nne usiku inaweza ikakudanganya vile vile. Nilikua kila kijiji nikifika nauliza kwanza nani hapa analinda usiku na nani anavua usiku, wenzangu wananicheka wanasema huyu anatafuta kazi ya kukesha.

Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Kwahiyo hulala mchana kama popo." Nikamwambia ndio bibi, kama popo. Akatoa kidole.

Sasa kijiji chenyewe kilikua cha kina mama, yaani nina wajomba pale, na mmoja kati yao ndio sababu ya mimi kuandika hii makala maana mpaka leo hajanisamehe vizuri. Mjomba wangu ana matende mguu wa kushoto tangu mi niko shule ya msingi. Mguu umejaa, ngozi imekua ngumu ina mikunjo, na kila baada ya miezi michache anapata mtoki kwenye nyonga, homa kali, mguu unawaka moto, analala ndani siku tatu nne. Kijijini walishaamua zamani kwamba ametegwa, kuna kitu alikanyaga, na aliyetega walimjua kwa jina. Kwahiyo siku tuliyofika na vichupa vyetu mjomba alikua wa kwanza kwenye foleni, wa kwanza kabisa, alikuja hajala futari vizuri (ilikua Ramadhani, tulikua tunasubiri watu watoke tarawehe), anataka kipimo kionyeshe mbele ya watu kwamba ni minyoo wala hakuna cha kutegwa.

Na kulikua na kijana mmoja, golikipa wa timu ya kijiji, mwili umejengeka utafikiri kachongwa, hajawahi hata kuumwa kichwa, alikuja kutusindikiza tu na tukamuomba nae atoe.

Majibu yakatoka hivi. Mjomba hana hata mdudu mmoja. Golikipa, nilianza kuhesabu vijinyoo kwenye slaidi yake kwa kidude cha kubonyeza, nikabonyeza mpaka kidole gumba kikachoka.

Majibu ya mtu ni siri yake na mimi sikumwambia yeyote, ila golikipa mwenyewe alitoka nje akatangaza kwa sauti, nafikiri alidhani ni ushindi, na mjomba nae hasira zikamfanya aseme ya kwake, kufika saa nne asubuhi kijiji kizima kina hukumu moja, yule mtoto wa fulani amechanganya vichupa. Mjomba akanambia neno ambalo sitalisahau, "Yaani mguu huu unaouona, kikaratasi chako hakiuoni?"

Nilirudi kwenye boksi nikaangalia lebo moja moja. Nikachukua damu tena usiku uliofuata. Hamna kilichochanganywa. Na hapo ndipo pagumu pa ugonjwa huu, maana mara nyingi ndivyo ulivyo, mwenye wadudu wengi haonekani mgonjwa na mgonjwa anaeonekana hana wadudu kwenye damu. Inachanganya hata wanafunzi wa udaktari, sembuse mjomba wangu.

Ni hivi. Mnyoo mkubwa anaishi ndani ya mtu miaka mitano, sita, wengine zaidi, na huwezi kuishi miaka yote hiyo ndani ya nyumba yenye askari bila kuelewana na askari. Kinga ya mwili inamuona, ila mnyoo anatoa vitu vyake vinavyoituliza, seli zile ambazo kazi yake ni kusema jamani taratibu zinapewa nguvu, kingamwili za aina ya kupiga zinapungua na za aina ya upole zinaongezeka, basi wanakaa hivyo. Golikipa kinga yake ilikua imefanya mkataba. Huku ndani mishipa yake ya limfu inaweza ikawa tayari inatanuka lakini kwa nje huoni kitu. Kwa mwingine mkataba unavunjika au haukuwepo kabisa, kinga inapigana na vita inapiganwa ndani ya ile mishipa ya limfu, minyoo inakufa, inaziba, mishipa inaharibika, maji ya mwili hayarudi juu, mguu unajaa. Alafu ngozi inapasuka kidogo katikati ya vidole, bakteria wa kawaida kabisa wanaingia, ndio ile homa na mtoki, na kila homa ikipita mguu unabaki mkubwa kuliko jana. Kwahiyo kufika siku mi namtoboa mjomba kidole, minyoo huenda ilishakufa siku nyingi. Aliebaki ni mguu.

Kipimo changu kilikua kinauliza kitu kimoja, je kuna watoto wa minyoo kwenye tone hili la damu saa hizi. Kikajibu hamna, na kilisema kweli. Mjomba alikua anauliza kitu kingine kabisa, anauliza mimi naumwa nini.

Tangu siku ile kila nikishika karatasi ya majibu, ya kwangu au ya mtu, naanza kujiuliza hii karatasi imeulizwa nini. Na niwaambie ukweli, sehemu kubwa ya vurugu tunazoziona kwenye madirisha ya maabara zinatokana na hapo.

Chukua malaria. Kwetu mtu hasemi nina malaria, anasema nina malaria tano. Mama yangu akipiga simu, "Nimetoka kupima, wamenikuta na malaria mbili," na shoga yake kule Makorora ana malaria nane kwahiyo kwenye mazungumzo yao yule ndio mgonjwa hasa na mama anajisikia kama hajaumwa vya kutosha. Ile namba inatoka wapi? Mtaalamu anachukua tone la damu analitandaza nene kwenye slaidi, analipaka rangi ya Giemsa (Gustav Giemsa alikua mkemia wa Hamburg, rangi yenyewe ya mwaka 1904 na mpaka leo hatujapata ya kuitoa), seli nyekundu zinapasuka zinaondoka, wanabaki wadudu na seli nyeupe. Kwenye maikroskopu anahesabu seli nyeupe 200 na wakati huo huo anahesabu wadudu anaokutana nao. Mama alikua na wadudu wawili kwa kila seli nyeupe 200. Tukikadiria kwamba mtu ana seli nyeupe 8000 kwenye maikrolita moja ya damu, unazidisha kwa 40, mama ana wadudu 80 kwa maikrolita na shoga yake ana 320.

Kwa mtoto wa miaka miwili au kwa mgeni kutoka nchi za baridi hao 320 wanaweza kuwa ndio mwanzo wa balaa. Kwa mama wa miaka sitini aliezaliwa na kuzeekea mkoa huu, aliyeng'atwa na mbu wa Tanga tangu tumboni mwa bibi yangu, hao wadudu wanaweza kuwa wapangaji tu ambao hata hajui kama wapo. Kinga ya malaria haiji kwa siku moja, inajengwa kwa kuumwa na kuumwa tena, na inazuia ugonjwa kuliko inavyozuia wadudu. Huko Gambia mwaka 1961 walichukua kingamwili kutoka damu ya watu wazima wa kule kule wakawapa watoto wenye malaria, homa zikashuka na wadudu wakapungua sana, ndio watu wakaamini rasmi kwamba ile kinga ipo na inabebeka kwenye damu. Na inaisha pia. Mi nilikaa Ulaya miaka mitatu nasoma, nikarudi najiona mtoto wa Tanga, wiki ya tano nikapigwa malaria nikabebwa, natetemeka kama mtalii wakati mama yuko pembeni ananikanda na malaria zake mbili.

Sisemi asitibiwe. Mtu ana homa na kipimo kimeonyesha wadudu, anapewa dawa ya malaria, hilo halina mjadala na msije mkanisingizia. Ninachosema ni kwamba ukishaona wadudu wawili usifunge faili, maana kinachomtetemesha huyu mama kinaweza kuwa nimonia, inaweza kuwa figo, na malaria mbili imekaa tu pale imebeba lawama. Hata wale waliokua wanajaribu chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, watoto 15,459 kwenye vituo 11 vya nchi 7, na kwetu vituo vilikua Korogwe hapo juu na Bagamoyo, wao hawakuhesabu mtoto ameumwa malaria kwa kuona mdudu tu. Kipimo chao kikuu kilitaka homa ya nyuzi 37.5 na kupanda, na wadudu zaidi ya 5000 kwa maikrolita. Geuza hiyo kwa hesabu ya mama, ni malaria 125.

Na upande wa pili ni mbaya zaidi, pale ambapo hata wadudu wawili hawapo na mtu anatibiwa malaria. Kuna utafiti uliofanyika hospitali za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, Tanga ikiwemo, ukachapishwa 2004, waliangalia wagonjwa waliolazwa na ugonjwa mkali wakapewa jina la malaria, walipoangalia damu upya vizuri chini ya nusu ndio walikua na wadudu. Chini ya nusu! Hao wengine walikua wanaumwa kitu kingine na wengi hawakupewa dawa ya hicho kitu kingine. Miaka minne baadae Dar na Ifakara wakachukua watoto 1005 wenye homa waliokuja kutibiwa bila kulazwa, wakawapima kila kitu kinachopimika, malaria ikakutwa kwa kama mtoto mmoja kati ya kumi, virusi ndio vilikua vimetawala, mafua na vifua vya kila aina.

Mnaoishi Tanga mnakumbuka 2019, kidingapopo, yaani homa ya dengue. Watu wanaumwa viungo mpaka macho, wanapima malaria hamna, wanapima tena hamna, wanaambiwa basi ni taifodi.

Aah, taifodi. Hapa nitakaa kidogo.

Ukisikia mtu amekutwa na malaria, taifodi na UTI kwa siku moja, kwa karatasi moja, ndani ya nusu saa, jiulize ile taifodi imepimwaje. Mara nyingi ni Widal. Ni kipimo cha 1896, cha Mfaransa Georges-Fernand Widal, na kwa wakati wake kilikua akili kubwa, nakiheshimu. Hakitafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili zako, kwamba je damu yako imewahi kukutana na huyu bakteria au anaefanana nae, na ikikutana inagandisha matone ya dawa, tunaandika 1 kwa 80, 1 kwa 160, yaani damu imezimuliwa mara ngapi na bado inagandisha. Sasa sisi tunakula mihogo ya barabarani, tunakunywa maji ya kisima, hawa bakteria na ndugu zao tumekutana nao tangu utoto. Ukiniuliza kama damu ya mtu wa Chuda imewahi kukutana na ukoo wa salmonela mi nakujibu bila kumtoboa. Mwenye kujibu kama una taifodi leo ni damu kuoteshwa kwenye chupa mpaka bakteria mwenyewe aonekane, na hiyo inataka siku, inataka maabara, inataka hela, na hata hiyo inawakosa wengi. Pale Muheza, hospitali ya Teule, waliilinganisha Widal na chupa hizo kwa watoto waliolazwa, ikachapishwa 2010, na Widal ikaonekana ina maana zaidi ikisema hapana kuliko ikisema ndio.

Kwanini hivyo, ngoja niwape hesabu ya kubuni niliyokua nawapa wanafunzi, wapigie mstari mchangani. Watu 1000 wana homa, wenye taifodi kweli ni 20. Kipimo kizuri tu, kinakamata 19 kati ya hao 20, na kwa wasio nayo kinakosea watano kwa kila mia. Mzuri huo au mbaya? Kila mtu anasema mzuri. Haya, wasio na taifodi ni 980, watano kwa mia ni 49. Kwahiyo waliotoka na karatasi ya taifodi ni 68, na kati yao wagonjwa ni 19. Arobaini na tisa wanakwenda kununua dawa za bure, za bure kwa maana ya bure bilashi maana hela wametoa. Ni kama wavu wa tundu dogo pale Deep Sea, dagaa umewakamata wote hujaacha, ila na nyasi na mifuko ya plastiki navyo umevivuta, na kama siku hiyo dagaa walikua wachache basi ndoo yako nusu ni takataka. Wavu hauna kosa. Swali ni ulitupa wapi.

Nisijifanye msafi. Nikiwa mgeni kazini, kwenye maabara ambayo siitaji, niliwahi kusoma slaidi kumi na moja asubuhi moja na kumi zikawa na wadudu, nikafurahi sana, najiona jicho langu kali. Alikuepo mama mmoja mtu mzima, amekaa kwenye hadubini miaka kuliko umri wangu, akavuta kiti, akatia jicho, akazungusha zungusha, akaniuliza, "Rangi umechuja?" Sikuchuja. "Maji umepima pH?" Sikupima. Yale niliyoyaona wadudu yalikua masalia ya rangi, vidoti vyeusi vya zambarau vilivyokaa juu ya seli, havikai ndani ya kimo kimoja nazo, ukizungusha kidogo vinapotea seli zinabaki. Akasema mdudu wa kweli ana kiini chekundu na ana uji wa bluu, asipokua navyo vyote viwili we usimuandike. Bahati slaidi zilikua za mafunzo. Lakini mimi na wewe tunajua kuna mahali leo asubuhi, mtu mmoja peke yake, foleni ya watu themanini, umeme umekatika mara mbili, rangi ya wiki iliyopita, na hamna mama wa kuvuta kiti.

Ndio maana vile vipimo vya haraka vya malaria vilipokuja nilivifurahia, tone moja, dakika kumi na tano hadi ishirini, mistari miwili. Navyo ukiviuliza vibaya vinajibu vibaya. Kinachosakwa pale ni protini anayoitoa mdudu, na protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa, kwahiyo mtoto amemaliza dawa vizuri, baada ya siku kumi kapata mafua, kapimwa, mistari miwili tena, mama anaambiwa dawa imegoma. Haijagoma. Kilichoonekana pale ni moshi, moto ulishazimwa.

Na kwa matende pia siku hizi kuna kistripu, matone machache ya damu, dakika kumi, na uzuri wake kinatafuta alama ya mnyoo mkubwa ambayo ipo kwenye damu saa zote, kwahiyo hatukeshi tena na mumiani tumestaafu. Mkoa wetu ulianza kugawiwa zile dawa za kumeza za pamoja 2004, ivermectin na albendazole, wale mnaokumbuka kupimwa na fimbo ya urefu nyumba kwa nyumba ndio hizo, na uvumi wote ule kwamba zinaua nguvu za kiume. Mzunguko hadi mzunguko, vijinyoo kwenye slaidi zangu vilipungua mpaka nikawa namaliza usiku mzima sijabonyeza. Golikipa alimeza kila mwaka. Sasa ni mtu mzima, ana tumbo, anafundisha watoto mpira, miguu yake yote iko sawa sawa.

Mjomba hakumeza mwaka wa kwanza. Alisema kikaratasi si kimesema mzima, dawa ya nini.

Mwaka wa pili nilikwenda bila vichupa. Nilibeba beseni, sabuni ya mche, taulo, na mafuta ya fangasi. Nikamuosha mguu mwenyewe uani pale, mikunjo yote, katikati ya vidole, nikakausha taratibu, nikamuonyesha mpasuko kwenye kidole cha nne na nikamwambia mjomba, mlango wenyewe huu hapa, hizi homa zako zinapita hapa. Akaangalia ule mpasuko muda mrefu. Akauliza kama nimeupima. Nikamwambia huu hauhitaji kupimwa, unahitaji kuoshwa, kila siku, na mguu uinuliwe ukikaa, na viatu. Shangazi akachukua kazi hiyo kwa ukali ambao hospitali hawana. Homa zilizokua zinakuja kila baada ya miezi michache zikawa mara moja kwa mwaka, kisha ikapita miwili hakuna. Mguu haujarudi ulivyokua, na sikumuahidi hivyo.

Ila kuna jambo moja nilishindwa nalo miaka yote. Mjomba hanywi madafu. Ana minazi kumi na nne nyuma ya nyumba na hajaonja dafu tangu mguu uanze, maana pwani nzima inajua madafu yanaleta busha, na yeye anasema matende yanamtosha, hana nafasi ya busha. Nimemueleza mbu, nimemchorea mnyoo, nimemwambia mjomba kwenye dafu hakuna mdudu yeyote wa huo ugonjwa. Ananisikiliza kwa adabu kama anavyosikilizwa mgeni.

Idi iliyopita nilikua kwake. Jua kali, kijana kaangua, kayafua, kanipa moja, nikanywa. Mjomba akaniangalia. Akanyoosha mkono akachukua la kwake, akalishika magotini, akalizungusha.

"Hili nalo," akasema, "umelipima?"

Nikamwambia nimelipima.

"Usiku au mchana?"

Nikacheka mpaka maji yakanipalia. Akanywa funda moja dogo, akakaa nalo mdomoni, akameza, akanambia nikivimba najua kwako ni barabara ya ngapi.